Mstari Kwenye Shingo ya Usukani

Jumapili iliyopita nilisimama kando ya barabara ya Moshi kununua parachichi, kundi la waendesha baiskeli likanipita. Unawajua hawa wa siku hizi, nguo za kubana, miwani ya rangi, baiskeli nyepesi mtu anaibeba kwa vidole viwili. Msichana mmoja alibaki nyuma, akasimama karibu yangu. Akatoa mfukoni kispana cha kukunja, akalegeza usukani wake, akaunyoosha, akaukaza, akaondoka. Hakumwita mtu wala hakuomba ruhusa ya mtu. Muuza parachichi akaniuliza, "Mama, mbona umenuna? Parachichi ni bovu?" Nikamwambia parachichi ni zima kabisa. Nilichokuwa nacho ni wivu. Umri huu, naamkiwa shikamoo kila kona, namwonea wivu mtoto wa watu ambaye hata simjui jina.

Usinicheke, ndugu yangu. Wivu wangu ni wa siku nyingi, na ulianza na baiskeli.

Tulikaa Kaloleni, Arusha, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ya vyumba vinane, karibu kabisa na uwanja wa mpira, hivi kwamba tulijua goli limefungwa kabla hata redio haijasema. Baba alikuwa Mmeru wa kule juu mlimani, ameteremka mjini na sanduku la spana, akaegesha mabati matatu kwenye ukuta wa nyumba na kuanza kazi ya ufundi baiskeli. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, banda lile lilikuwa limeshaanza kunuka solushen ya kuzibia pancha, mafuta ya taa na mpira ulioungua. Hadi leo harufu ya solushen ikinipitia puani nasikia njaa, kwa sababu ndiyo harufu niliyokunywa nayo chai ya maziwa kila siku kabla ya shule.

Nyumba ya fundi huwa na baiskeli kumi, na hata moja si yao. Hilo nililijua mapema. Kazi yangu ilikuwa kuosha gololi. Baba alizimwaga kwenye sahani ya bati yenye mafuta ya taa, mimi nazisugua, nachambua zilizochakaa naziweka kando, na hata hizo hakuna aliyethubutu kuzitupa. Ulikuwa wakati mgumu wa vitu. Spoki ikikatika, Baba alikata ya baiskeli kubwa akaifupisha. Mpira wa breki aliuchonga kwa kisu kutoka kwenye tairi la gari. Mwanya kidogo kwenye chuma aliuziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, analikata kwa mkasi, analizungusha, anagonga. Nikiwa na miaka kumi na moja nilikuwa najua spana zote kwa kuzishika tu nimefumba macho. Alikuwa na msemo wake mmoja akiona mtu anang'ang'ana na nati: "Usikaze kwa hasira." Basi, hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Hakuwahi kunikalisha akanifundisha. Niliiba kwa macho.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Wewe unakumbuka. Sabuni ya kunukia ikarudi madukani, watu wakaanza kuvaa jinzi, na mitumba ikamwagwa sokoni mpaka watu wakasahau kwamba waliwahi kuvaa viraka. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja Mchaga wa Kilimanjaro, alikuwa wa kwanza kuingia kwenye biashara ya mitumba mtaani kwetu. Mama yule alikuwa mchapakazi, Mkatoliki wa kwenda misa ya alfajiri kila siku, na mtori wake wa ndizi na nyama, Mungu wangu, ulikuwa unanukia mpaka unamezea mate ukiwa umeshiba. Alikuwa na binti mmoja, amenizidi miaka miwili, mrefu, mpole, amefaulu kwenda sekondari wakati mtaa mzima hakuna mwingine aliyefaulu. Ningependa kukuambia alikuwa na maringo. Hakuwa nayo. Ndiyo maana nilishindwa hata pa kuanzia kumchukia.

Siku moja jirani akarudi sokoni na baiskeli juu ya mkokoteni. Haikuwa yale madude meusi ya Kichina tuliyoyazoea. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ya samawati, matairi membamba kama mkanda, na usukani umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo. Ilikuja pamoja na shehena ya nguo kutoka huko Ulaya. Akasema uani mbele ya wapangaji wote, "Hii ni ya mwanangu ya kwendea shule." Binti yake akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, nikaitua chini kwa nguvu mpaka maji yakanirukia magotini.

Wakati ule kila baiskeli ya aina hiyo ikiingia Arusha ilifanyiwa kitu kimoja. Usukani uligeuzwa juu chini, pembe zikatazama mbinguni, mtu akakaa wima kama anavyokaa kwenye baiskeli nyingine na kutundika madumu yake ya maziwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini Wazungu wanainama. Baba naye akafanya hivyohivyo, akageuza, akakaza, akamwita binti apande. Binti akaiona, machozi yakamjaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo Baba, samahani, mimi naitaka ilivyokuja." Mtu mwingine angemfukuza. Baba yangu, ambaye mimi nikisema chakula hakina chumvi ananiambia nile ninyamaze, akacheka, akasema, "Marahaba mwanangu. Basi tutafanya unavyotaka."

Akaurudisha usukani chini. Ila sasa binti akawa amelala juu ya baiskeli, mikono haifiki vizuri, mgongo unamuuma. Ndipo Baba akafanya kile ambacho sikumsamehe kwa miaka mingi. Akachukua kipande cha kamba ya katani, akaupima mkono wa binti, kutoka begani hadi kwenye kifundo, polepole, kama fundi cherehani anayeshona gauni la arusi. Akamwambia aweke kiwiko kwenye ncha ya kiti na anyooshe vidole, aone vinafika wapi. Akasogeza kiti. Akapima tena. Mimi nilikuwa pale nimechuchumaa na sahani yangu ya gololi, mkono wangu upo, mzima, una urefu wake, na hakuna mtu aliyewahi kutaka kuujua.

Nitakueleza kidogo, maana bila hili hutaelewa nilichofanya. Shingo ya usukani ya baiskeli zile ni chuma kinachozama ndani ya bomba la mbele. Juu kuna bolti ndefu, chini usikoona kuna kabari inayoibana shingo isitoke. Ukitaka kuupandisha usukani, unalegeza bolti mizunguko mitatu, unaweka kipande cha ubao juu yake, unagonga kwa nyundo mara moja, kabari inaachia. Unabana gurudumu la mbele kwa magoti, unauzungusha usukani kulia na kushoto huku unavuta juu, halafu unakaza. Lakini kwenye shingo kuna mstari umechorwa kuizunguka. Mstari ule hautakiwi kuonekana. Ukionekana, maana yake kilichobaki ndani ni kifupi na kabari haina pa kushika. Baba aliupandisha hadi mstari ukagusa ukingo wa bomba, akasimama hapo. Binti akajaribu, akasema ni nzuri, ila bado mgongo unauma kidogo akitoka shule. Baba akamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo mwisho wake. Nikivuta zaidi utakuja kubaki na usukani mkononi." Nilisikia kila neno.

Kuanzia hapo baiskeli ile ikawa inaharibika kila wiki na inakuja kwetu kila wiki. Hapakuwa na vipuri vyake mji mzima. Kibadilisha gia kikavunjika, Baba akakitoa akaufunga mnyororo kwenye gia moja. Tairi likapasuka, na jembamba vile halikuwepo dukani, akalishona kwa uzi wa nailoni na kulilazia kipande cha mpira kwa ndani. Alikuwa anaifurahia, mzee wa watu. Anakaa kwenye kigoda chake baada ya kula makande, anaitazama kama anasoma barua. Na binti anakaa karibu naye, anauliza hiki nini, hiki kinafanya nini, na Baba anajibu! Anajibu kwa kirefu, na kuchora chini kwa spoki. Yale niliyoyaiba kwa macho miaka minne, yeye alipewa bure kwa jioni chache. Nikienda kusimama karibu, Baba ananiambia, "Hebu mletee mwenzio kigoda." Mama alikuwa ananisoma, akaniambia jikoni huku anakoroga loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, "Acha hiyo tabia. Uso wako unasema kila kitu." Nikajibu siko na tabia yoyote. Nikakataa kula, na loshoro ni chakula nilichokipenda kuliko vyote.

Jumamosi moja waya wa breki ukakatika, baiskeli ikaachwa bandani. Baba akaweka waya mwingine, akanawa, akavaa koti, akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mama alikuwa sokoni. Nikabaki peke yangu na ile ya samawati.

Sikuamka siku hiyo nikiwa na nia mbaya. Nilichotaka, na nakuambia wewe kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu, ni kwamba Baba arudi akute usukani umepanda, kazi imenyooka, aulize, "Nani kafanya hivi?" Nilitaka kulisikia swali hilo kuliko nilivyotaka baiskeli yenyewe. Nikalegeza bolti, aliyoikaza yeye kwa mikono yake. Nililalia spana kwa uzito wangu wote mpaka ikaachia. Nikaweka ubao, nikagonga mara moja tu, kabari ikajibu kwa sauti ileile niliyozoea kuisikia kwa Baba. Nikabana gurudumu kwa magoti, nikavuta. Mstari ukatokeza. Nikauona. Nikaacha hapohapo ulipo, upana wa kidole changu juu ya bomba, nikaunyoosha usukani na kukaza bila hasira, kama alivyokuwa anasema. Kwamba alikuwa amekataa kupita pale, hilo ndilo lililonifanya nipite. Na kama unataka ukweli wote, kipande fulani cha roho yangu kilisema, na akianguka je, na kingine hakikujibu.

Aliyekuja kwanza hakuwa Baba. Alikuwa binti. Akaipanda palepale uani, uso ukamng'aa. "Yaani fundi kanipandishia! Kumbe inawezekana, alikuwa ananitania tu! Jamani, baba yako ana upendo. Mwambie ahsante sana, eti?"

Hata hilo lilikuwa lake. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, imegeuka zawadi ya Baba kwake. Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema, dada, shuka, mstari umepita. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na wivu ukayafunga. Nikamwambia, "Nitamwambia." Akatoka langoni anapiga kengele.

Walimrudisha mchana, muuza maziwa mmoja amempakia kwenye mkokoteni wake pamoja na baiskeli. Alikuwa anateremka kwenda daraja la Mto Themi, akavuta usukani kukwepa shimo, ukang'oka mzima. Jino la mbele lilikatika, na mdomo wa chini umepasuka mpaka kidevuni. Walimshona hospitali bado ameshikilia kitambaa cha mama yake. Jirani alisimama mbele ya mabati yetu kanga imemwanguka, analia, "Mae! Fundi, mwanangu nilikukabidhi mzima!" Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kikaoni. Akaishika ile shingo iliyong'oka, akaigeuzageuza, akachungulia ndani ya bomba. Akasema, "Dada, ni mimi. Sikukaza vizuri. Nisamehe." Hakumtazama mtu mwingine yeyote pale uani.

Elewa kilichoniuma. Pamoja na hofu yote na aibu yote, kiliniuma kwamba hakunishuku. Banda lake, spana zake, mtu pekee aliyebaki nyumbani ni mimi, na haikumjia akilini kwamba mikono hii ingeweza kuilegeza bolti yake.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nikamwona anaenda kwenye uzio wa mwenye nyumba, anakata jani la sale. Kama hukuzaliwa kwetu utauliza jani lina nini. Kwa Wachaga, na kwetu Wameru pia, mtu aliyekukosea akija na jani la sale lililopigwa fundo, huna njia ya kumkatalia msamaha. Hulitoi kwa jambo dogo. Baba, mzee wa kanisa, amevaa suti yake moja, analipiga fundo lile jani kwa vidole vilivyoingia grisi, na anaenda kuinama mlangoni kwa watu kwa kosa langu. Nikamkimbilia. "Baba, usiende nalo. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeupandisha."

Akanishika kichwa. "Usijitwishe, mwanangu. Ile bolti niliikaza mwenyewe. Wewe huiwezi."

Nilimvuta mkono mpaka bandani. Palikuwa na baiskeli ya mteja, nyeusi, shingo yake ni ya aina ileile. Nikachukua spana bila kutafuta ni ipi. Nikalegeza, nikaweka ubao, nikagonga mara moja, nikabana kwa magoti, nikavuta, nikanyoosha, nikakaza. Nililia muda wote, lakini sikukosea hata hatua moja. Baba alisimama na jani lake. Nilipomaliza akaja, akalibana gurudumu, akaujaribu usukani kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Umekaza vizuri," akasema.

Nilikuwa nimeyangojea maneno hayo maisha yangu yote mafupi. Kisha akauliza taratibu, bila kupandisha sauti, "Na ule mstari, uliuona?"

Ningeweza kusema sikuuona. Angeniamini, angefurahi kuniamini.

"Niliuona, Baba."

Akakaa kwenye kigoda chake na suti yake. Kule uwanja wa mpira watu walikuwa wanashangilia goli, na mtori wa jirani haukunukia siku hiyo. Halafu akainuka, akaliweka vizuri mkononi lile jani, akaenda. Nilisikia kupitia dirishani akimwambia jirani kosa ni lake, kwamba alizembea. Jirani akalipokea jani. Angefanyaje. Siri ile Baba hakuitoa hata kwa Mama, na mimi hakunichapa, na hakuizungumza tena mpaka alipokufa.

Alichofanya ni hiki. Kuanzia Jumatatu, kila nilipotoka shule alikuwa ameweka kigoda cha pili kando ya chake. Alinifundisha kila kitu. Kunyoosha ringi, kupanga gololi kwa grisi, kushona tairi, kupima kiti. Nilikuwa fundi wa kike peke yangu Kaloleni nzima, watu wa mitaa ya Engutoto na Sakina wanakuja kunishangaa, na hakuna baiskeli niliyoikaza ambayo hakuijaribu yeye mwenyewe kabla haijatoka. Binti wa jirani alipona, akapelekwa bweni, baiskeli ikauzwa na sikumwonea tena huruma wala wivu kwa muda mrefu.

Siku hizi pale penye mabati wanauza makava ya simu. Gololi hakuna anayeziosha, zikichakaa zinatupwa, na ukimwambia kijana wa leo kwamba kuna mtu alishona tairi kwa uzi anadhani unatia chumvi. Baba tulimzika kule juu mlimani, kwenye migomba ya Bibi, mama yake. Yule binti alikuja, mama mtu mzima sasa, jino la bandia huwezi kulitambua. Akaomba kusema neno. Akasimulia watu jinsi fundi alivyompima kwa kamba, na jinsi alivyomkosea mara moja tu akaja kwao na sale, mzee mzima. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na kanga yangu ya msiba, namwonea wivu. Ana baba yangu ambaye hana doa hata moja, aliyempenda na hakuwa na sababu ya kuiogopa mikono yake.

Baba niliyempata mimi alikaa pembeni yangu miaka saba, hakuyaondoa macho yake kwenye mikono hii hata siku moja. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikipata chote. Na siku zote saba za matanga nilikuwa najiuliza kile ambacho ningeweza kumuuliza jioni yoyote na nikaogopa, kama alikuwa ananifundisha, au alikuwa ananilinda nisimuue mtu.